Pa Kuanzia Unapohitaji Ushauri wa Kisheria: Mwongozo kwa Wakazi wa Kigoma na Tabora

Mkulima wa Kasulu aliyenyang'anywa shamba, mama wa Urambo aliyeachiwa watoto bila matunzo na kijana wa Nzega aliyefukuzwa kazi kwa mdomo huwa na swali moja: niende kwa nani? Majirani nao huwa na jibu moja, kwamba aende kwa mtendaji au polisi. Jibu hilo si baya kila mara, lakini huwapotezea watu wengi muda, kwa sababu linachanganya watu wa aina mbili ambao sheria imewatenganisha, yaani anayeshauri na anayeamua. Hakimu au mwenyekiti wa baraza hawezi kukufundisha namna ya kumshinda mwenzako na kisha akaketi kuwaamua nyote wawili. Kwa upande mwingine, msaidizi wa kisheria, wakili na afisa ustawi wa jamii hawana uwezo wa kutoa hukumu. Utaratibu unaofuata hapa ni huo: ushauri kwanza, chombo chenye mamlaka baadaye, na wakati wote hesabu ya siku isikuponyoke.

Hatua ya kwanza: andika kabla hujasimulia

Kabla ya kumwendea mtu yeyote, andika kwenye daftari jambo lilivyotokea, ukianza na tarehe. Taja nani alifanya nini, wapi, nani alishuhudia, na wewe ulichukua hatua gani. Ukurasa mmoja unatosha. Kusanya pia nyaraka zote, hata zile unazodhani hazina maana: karatasi ya mauziano ya shamba iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, stakabadhi, kadi ya kliniki ya mtoto, cheti cha ndoa, ujumbe wa simu na kumbukumbu za miamala ya fedha. Watu wengi huona aibu kuonyesha karatasi iliyochanwa kwenye daftari kwa kuwa haina mhuri, ilhali karatasi ya namna hiyo yenye majina ya mashahidi inaweza kuwa ushahidi mzuri kuliko maneno ya watu kumi.

Toa nakala, na nakala ndizo uwape watu. Nyaraka halisi zisitoke mikononi mwako mpaka mahakama au baraza litakapoziomba, na hata hapo hakikisha kwamba zimeorodheshwa.

Hatua ya pili: pambanua jinai na madai

Jinai ni kosa ambalo Serikali humshtaki mtu, kama wizi, kupiga, kubaka au kughushi. Madai ni mgogoro wa haki kati ya watu, kama deni, mpaka wa shamba, mgawanyo wa mali au mkataba uliovunjwa. Jinai huanzia polisi. Madai hayaanzii huko. Mtu aliyekopa na kushindwa kulipa ana deni, na kushindwa kulipa peke yake hakumfanyi kuwa mhalifu. Wapo wanaopeleka madeni kituoni kwa matumaini kwamba mdaiwa akilala mahabusu usiku mmoja ndugu zake watachanga, na pengine hufanikiwa. Hata hivyo, kutumia mahabusu kukusanya deni si utaratibu wa kisheria, na mdaiwa mwenye mshauri mzuri anaweza kukugeuzia kibao.

Katika vijiji vya Unyamwezini yupo pia sungusungu, ambaye watu humwendea kabla ya polisi. Ulinzi huo una msaada wake, hasa katika wizi wa mifugo, lakini sungusungu si mahakama. Anaweza kumkamata mtuhumiwa na kumkabidhi polisi, lakini hana mamlaka ya kusikiliza kesi, kutoza faini wala kuamuru mtu atengwe na kijiji. Vilevile mzee anayetuhumiwa uchawi ajue kwamba, chini ya Sheria ya Uchawi, kumtaja mtu kuwa ni mchawi ni kosa la jinai. Aende polisi, wala asingoje kikao cha kijiji kimjadili.

Hatua ya tatu: muone msaidizi wa kisheria

Huyu ndiye ningependa watu wengi wamfahamu, maana yuko karibu na hatozi ada. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao ni watu waliopata mafunzo na kusajiliwa ili kuwasaidia wananchi wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Kazi yao ni kutoa elimu ya sheria, kukuelekeza kwenye chombo kinachohusika, kukusaidia kupata nyaraka unazohitaji na kuwashauri wanaogombana watafute suluhu. Hawaruhusiwi kukusimamia mahakamani kama wakili. Akikudai pesa ya ushauri, amekiuka sheria hiyo, nawe una haki ya kumripoti.

Ili kumpata, nenda ofisi ya maendeleo ya jamii katika halmashauri yako, iwe Kibondo, Kakonko, Buhigwe, Uvinza, Igunga, Sikonge au Kaliua, ukaulizie mashirika ya msaada wa kisheria yaliyosajiliwa wilayani. Ofisi ya mtendaji wa kata nayo kwa kawaida huwafahamu. Tangu mwaka 2023 Wizara ya Katiba na Sheria imekuwa ikiendesha Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, ambayo huwafikisha wanasheria hadi kwenye kata na vijiji. Timu hizo zinapofika, nenda na daftari lako na nakala zako, kwa sababu muda wa kila mtu huwa mfupi na mwenye karatasi mkononi huhudumiwa vizuri zaidi kuliko anayeanza kukumbuka akiwa kwenye foleni.

Mgogoro wa ardhi

Hapa ndipo ushauri wa zamani unapopotosha zaidi. Kwa miaka mingi Baraza la Kata lilisikiliza na kuamua kesi za ardhi, na bado watu wazima wengi, wakiwamo baadhi ya viongozi wa vijiji, wanaamini hivyo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea baraza hilo mamlaka ya kuamua, na sasa kazi yake katika ardhi ni kusuluhisha tu. Kwa hiyo, ukiambiwa leo kwamba Baraza la Kata limempa mtu shamba lako kwa hukumu, tafuta ushauri siku hiyohiyo.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Kijijini lipo Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, ambao angalau watatu ni wanawake. Baraza hilo hupatanisha, na asiyeridhika halazimiki kukubali maoni yake. Suluhu ikishindikana, jambo hupelekwa kwenye Baraza la Kata, ambalo nalo husuluhisha. Likishindwa, hutoa hati ya kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, na hati hiyo ndiyo inayokufungulia njia ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la Kata lisipomaliza usuluhishi ndani ya siku 30 tangu jambo lilipofikishwa kwake, sheria inakuruhusu kwenda Baraza la Wilaya bila hati hiyo. Kifungu hiki kiwekwe kichwani, maana kuahirishwa kwa vikao, mara mjumbe yuko msibani, mara karani kasafiri, ni njia ya kimyakimya ya kumchosha mtu mpaka akate tamaa.

Uliza mapema Baraza la Wilaya linalohudumia eneo lako linakaa mji gani, kwa sababu si lazima liwe katika wilaya yako, na nauli ya kwenda na kurudi mara kadhaa ni gharama inayopaswa kupangwa kabla ya kufungua shauri. Usikae na dai kwa muda mrefu pia. Ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12, na mtu aliyekaa kimya kwa muda huo huku mwingine akilima na kujenga atapata taabu kubwa kusikilizwa.

Tuseme mjane wa Uvinza amegundua kwamba shemeji yake ameuza shamba la michikichi lililokuwa la marehemu mumewe. Mshauri mzuri hataanza na swali la nani aliuza kwa bei gani. Atauliza kama mirathi ilifunguliwa na msimamizi ni nani, kama halmashauri ya kijiji iliridhia uhamisho huo, kwa kuwa kuhamisha hakimiliki ya kimila kwenye ardhi ya kijiji kunahitaji idhini yake, na kama mauzo yalifanyika mume akiwa hai au baada ya kufariki. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonyesha kama aanzie mahakamani kwenye mirathi au kwenye mabaraza ya ardhi. Asiyeuliza hayo na kukwambia tu “tufungue kesi” bado hajakushauri.

Ikiwa unayegombana naye ni halmashauri yenyewe, ikiwamo ya kijiji, njia ni nyingine kabisa. Sheria inataka itolewe notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Jambo la namna hiyo usilianze bila wakili.

Ndoa, watoto na mirathi

Mtu anayetaka talaka ya mahakama hawezi kwenda moja kwa moja kwa hakimu, isipokuwa katika mazingira machache ambayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeyataja. Ni lazima kwanza apite Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambalo linaweza kuwa la kata au la taasisi ya dini, kama lile la BAKWATA kwa Waislamu. Baraza likishindwa kuwapatanisha, hutoa hati, na hati hiyo isiwe imepita miezi 6 siku ya kufungua shauri. Wapo wanaoipata hati, wakaiweka kabatini wakitumaini kwamba mwenzao atajirudi, na baada ya mwaka wakatakiwa kuanza upya.

Kuhusu mali, mwanamke asikubali kuambiwa kwamba hakuchuma kwa sababu hakuajiriwa. Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Na kama hamkufunga ndoa rasmi lakini mmeishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi mkijulikana kuwa mume na mke, sheria inaweza kuwadhania kuwa wanandoa. Eleza hali hiyo wazi kwa mshauri wako badala ya kuificha kwa aibu.

Matunzo ya mtoto huanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Afisa huyu humwita mzazi mwenzako, huwapatanisha, na mkikubaliana huwaandikia makubaliano. Mkishindwa, shauri hupelekwa mahakamani chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ndiye pia wa kumwendea kwa yale ambayo hayajawa kesi: ugomvi wa nyumbani unaoanza, mtoto aliyekataa shule, mzee anayeishi peke yake. Wazee wa ukoo, sheikh au mchungaji wana nafasi yao katika mambo hayo, na mara nyingi wanaijua familia kuliko ofisa yeyote. Aliyelemewa na huzuni au fikra za kujidhuru apelekwe hospitali bila kuona haya. Maweni mjini Kigoma na Kitete mjini Tabora ndizo hospitali za rufaa za mikoa hii miwili.

Mirathi ya mtu aliyeishi kwa kufuata mila au Uislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Kikao cha ukoo hupendekeza msimamizi, lakini mahakama ndiyo humteua, na kuteuliwa hakumfanyi kuwa mmiliki. Ndani ya miezi minne, au muda zaidi atakaoongezewa na mahakama, anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ya marehemu. Mrithi anayeona kimya aende mahakamani palepale mirathi ilipofunguliwa akaulizie jalada.

Kuna jambo moja ambalo kikao cha ukoo hakina uwezo nalo hata kidogo, nalo ni ubakaji na ukatili dhidi ya mtoto. Kumalizana kwa ng'ombe au fedha hakuondoi kosa, na wanaolificha wanajiweka wenyewe hatarini. Aliyefanyiwa ukatili apelekwe haraka kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi na hospitalini, akiwa hajaoga na nguo zikiwa zimehifadhiwa ili ushahidi usipotee. Haraka inahitajika kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza kabla ya saa 72 kupita. Polisi hutoa fomu ya PF3 kwa ajili ya uchunguzi wa daktari. Aliye katika hali mbaya atangulie hospitali, fomu ifuate. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, na kuipiga ni bure.

Kazi, ushirika na mikopo

Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine ya kazi, kama mshahara ambao haukulipwa, yana siku 60. Siku hizo huanza kuhesabiwa huku wewe ukiendelea kumbembeleza mwajiri kwa simu, kwa hiyo bembeleza ukiwa umeshajaza fomu ya Tume. Afisa kazi wa mkoa anaweza kukueleza namna ya kuijaza.

Mkulima wa tumbaku anayezozana na AMCOS yake, yaani chama chake cha msingi cha ushirika, aanze ndani ya chama kwa maandishi, kisha amfikie afisa ushirika na Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika wa mkoa. Kuhusu mikopo, lalamika kwanza kwa mkopeshaji kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, kisha ufikishe lalamiko Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ndiyo inayosimamia benki na watoa huduma ndogo za fedha. Aliyekopa kwa “kausha damu”, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, bila hata karatasi amuone msaidizi wa kisheria kabla ya kusaini chochote kipya.

Uraia na vitambulisho

Jambo hili huwagusa zaidi watu wa Kigoma, kwa sababu ndugu wa pande mbili za mpaka wanafanana kwa lugha na majina. Ofisi zinazohusika ni tatu, nazo hazifanyi kazi moja: RITA husajili vizazi na vifo, NIDA hutoa kitambulisho cha taifa, na Uhamiaji ndiyo hushughulikia swali la uraia. Anayetiliwa shaka NIDA hatasaidika kwa kurudi NIDA mara tano. Aulize kwa heshima kama jalada lake limepelekwa Uhamiaji, kisha aende huko na vyeti vyake, vya wazazi wake kama vipo, cheti cha shule ya msingi na mashahidi wazee wanaoijua familia. Familia za waliokuwa wakimbizi wa Burundi katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, zilizopewa uraia wa kuandikishwa zitunze vyeti hivyo kwa uangalifu mkubwa na kuwaonyesha watoto vilipo. Usinunue cheti wala usiongope kuhusu mahali ulipozaliwa. Kosa la kughushi linaweza kumponza hata mtu ambaye uraia wake ni halali.

Ukikamatwa

Una haki ya kuambiwa kosa lako, ya kukaa kimya, na ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki unapoandikwa maelezo. Unatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa kwa makosa yenye adhabu ya kifo, ambayo sheria hutaka mtuhumiwa afikishwe mapema iwezekanavyo. Dhamana haiuzwi. Anayedai hela ya dhamana atajwe kwa TAKUKURU kupitia namba 113. Usisaini maelezo ambayo hujasomewa, hata kama umechoka na umeahidiwa kuachiwa.

Wakati wa kutafuta wakili

Si kila jambo linahitaji wakili. Mirathi isiyo na ubishi na matunzo ya mtoto mara nyingi humalizika bila yeye. Mtafute unapokuwa na shtaka zito la jinai, mgogoro wa ardhi ya thamani kubwa, rufaa au shauri dhidi ya Serikali. Kigoma na Tabora sasa kila mmoja una masjala yake ya Mahakama Kuu, kwa hiyo mtu wa Kibondo halazimiki tena kupeleka rufaa yake Tabora kama ilivyokuwa zamani, na mawakili nao wamezidi kuwa karibu.

Jihadhari na vishoka wanaozunguka nje ya mahakama wakiwa na mafaili kwapani. Wakili halisi ana namba ya uwakili na leseni inayohuishwa kila mwaka, na jina lake linaweza kutafutwa katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Usipokuwa na intaneti, muulize karani wa mahakama. Makubaliano ya malipo yaandikwe, yataje kazi itakayofanywa na kama nauli imo ndani, na kila malipo yapewe risiti. Ada za mahakama hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, kamwe si kwa simu ya mtu binafsi, na asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama, hivyo usione vibaya kumwomba wakili akusomee na kukufafanulia kwa Kiswahili kila anachowasilisha kwa jina lako.

Baada ya uamuzi

Siku hukumu inaposomwa, omba nakala kwa barua na ubaki na nakala ya barua hiyo iliyogongwa mhuri. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya hukatwa ndani ya siku 30. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Ukichelewa utalazimika kuomba kwanza kuongezewa muda na kueleza kila siku iliyopita, na sababu ya kwamba ulikuwa ukichangisha ndugu hela ya wakili haitoshi kila mara. Kwa hiyo rudi kwa msaidizi wa kisheria wiki hiyohiyo, na hukumu ikiwa bado haijachapwa mpelekee barua yako yenye mhuri na tarehe uliyoiandika daftarini.